Meno ya Harusi ya Wilf Haslam

Wageni waliokuja klabuni kwetu Jumapili mchana walianza kwa kumtazama Wilf vidole, lakini mwisho wote waliishia kumtazama mdomo. Vidole vyake vilikuwa vya kawaida, vifupi na vinene, vya mtu aliyezeeka kwenye kiwanda cha nyuzi. Sauti ya saksafoni yake ndiyo haikuwa ya kawaida. Ilikuwa haianzi. Unashtukia tu kwamba imeshaanza. Wapiga saksafoni wengine huishika noti kama mtu anayegonga mlango wa mdeni wake. Wilf alikuwa anausukuma mlango kwa bega, taratibu, na akishaingia ndani anasimama kwanza. Halafu anasema neno moja, ananyamaza. Anasema mawili, ananyamaza tena. Hakupanda juu kwenye zile sauti za kulia kama mbuzi. Alikaa chini, kwenye pumzi, na kila noti aliifikia kutokea chini yake, kama mtu anayepanda ngazi gizani akiitafuta kwa mguu.

Mimi kazi yangu pale ilikuwa kupandisha mapipa ya bia kutoka stoo ya chini na kufuta meza. Mtu anayefuta meza husikia mengi, kwa sababu hakuna anayetegemea atie neno. Nilisikia kila aina ya maelezo. Mgeni mmoja kutoka Manchester, mwenye ndevu za kuchongwa, alisema Wilf ananyamaza hivyo kwa sababu anaipa hadhira nafasi ya kufikiri. Mwingine alisema ni huzuni ya watu wa viwandani. Niliporudisha glasi kwenye kaunta nikamuuliza Cyril, mpiga piano wake.

"Bwana Cyril, hivi kwa nini Wilf ananyamaza nyamaza vile katikati?"

"Anakuwa amesahau wimbo."

"Kila wiki?"

"Mzee yule! Mimi ndiye ninayemkumbusha, kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ndio unaolipwa."

Cyril alikuwa amepiga naye tangu wote wawili wana nywele, na hakuna siku alimjibu mtu swali la maana kuhusu Wilf. Nikabaki na udadisi wangu.

Hapo Rochdale, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, jazi ya Jumapili ilianza watu wakishatoka kanisani, au wakishaamka, kila mtu na dini yake, na ilikatwa na bingo, ule mchezo wa kubahatisha namba kwenye kadi. Bingo haikucheleweshwa na chochote. Bwana Clegg, katibu wa burudani, alikaa kwenye kibanda chake pembeni mwa jukwaa na kengele ya shaba mkononi, na bendi ikipitiliza hata kidogo anaitikisa. "Asanteni sana, wanamuziki. Kadi ziko tayari." Basi ukumbi uliokuwa unapiga soga muziki wote unatulia tuli, kama watu wamefikiwa na malaika. Wilf hakuwahi kukasirika. Anaifuta saksafoni yake, anailaza kwenye sanduku, anakwenda kukaa na mkewe Doreen na kununua kadi yake kama wengine.

Mwaka ule wa 1999, mwanzoni mwa vuli, alikuja mwanamke mmoja wa Wales aitwaye Gwen Parry. Alikuwa mkubwa wa mwili, na gari lake lilikuwa dogo, limejaa mashine za kurekodia hadi kwenye kiti cha abiria. Alikuwa na kampuni ya santuri, na kampuni hiyo ilikuwa yeye mwenyewe. Kwenye mnada wa vitu vikuukuu kanisani kwao alikuwa ameokota santuri ya zamani ya bendi ya dansi ya Blackpool, muziki wa watu kuzungushana ukumbini, hauna lolote la ajabu. Lakini katikati ya upande wa pili saksafoni moja ilijitokeza kwa muda mfupi sana, ikasema maneno machache na kurudi ndani. Gwen aliurudia upande ule mpaka jirani yake akagonga ukuta. Kwenye jalada hapakuwa na jina la mpigaji. Akaanza kuuliza wazee, mmoja akimtuma kwa mwingine, mpaka mmoja akamwambia, "Huyo ni Wilf wa Rochdale. Kama hajafa, yuko klabuni."

Nilipomsaidia kushusha masanduku alinisikilizisha ile santuri, ambayo alikuwa ameihamishia kwenye kanda. Ni kweli alikuwa yeye. Kijana, lakini yeye. Bega lile lile mlangoni. Baadaye Gwen alizipata santuri nyingine mbili alizopiga Wilf, zote nyuma ya watu wengine. Moja ni ya mwimbaji wa kike wa Leeds, na humo Wilf anaitikia mwisho wa kila mstari kama mtu anayekubali kwa kichwa. Nyingine ni ya matangazo ya sabuni. Katika zote tatu jina lake halimo. Kwenye ile ya mwimbaji wameandika "na bendi yake", basi.

Jambo hili lilikuwa linamuuma Wilf, ingawa hakulisema kwa sauti. Alilisema kwa njia nyingine. Siku Gwen alipomwambia anataka kurekodi santuri nzima hapo hapo klabuni, Wilf akauliza jambo moja tu.

"Mbele pataandikwa nini?"

"Jina lako."

"La Cyril je?"

"La Cyril nyuma, maandishi madogo."

"Madogo kiasi gani?" akauliza Wilf, na Cyril akamtupia kifuniko cha chupa.

Ilipangwa iwe Jumapili ya kwanza ya Novemba. Haikuwezekana kusogezwa. Vumbi la pamba lilikuwa limekaa kifuani mwa Wilf tangu ujana wake, na daktari alikuwa ameshamwambia kwamba ikifika Krismasi asipulize tena kitu chochote, hata mshumaa. Ukumbi nao ulikuwa unafungwa wiki inayofuata ili paa litengenezwe, na mashine za Gwen zilikuwa za kukodi, Jumatatu zinatakiwa Scotland. Kila mtu klabuni alilijua hili. Ikipita Jumapili ile, Wilf Haslam angekuwa mtu aliyepiga saksafoni maisha yake yote bila kuacha hata wimbo mmoja wenye jina lake.

Gwen alikuwa mdadisi kuliko mimi. Alitaka kujua Wilf anatumia kipulizio gani, na ule ulimi wa tete unaotetemeka ndani yake una ugumu gani, na kama anaukata mwenyewe.

"Wa kawaida tu," Wilf alimjibu.

"Na zile nafasi unazoacha?"

"Napumzika."

"Na vile unavyoingia kwenye noti kutokea chini?"

"Ndipo ninapokuwa," alisema Wilf, akaomba radhi kwenda chooni.

Doreen alikuwa nyuma ya kaunta ananisaidia kukausha glasi, maana alikuwa hawezi kukaa bure. Alicheka mpaka akaegemea bomba la bia.

"Huyo dada atamchimba mpaka atafika Australia," alisema. "Jibu lenyewe liko mdomoni."

"Mdomoni vipi, mama?"

Aliangalia mlango wa chooni kwanza. "Ukimwambia mtu, nakutia kwenye pipa. Unasikia? Ni meno."

Ndipo aliponieleza. Wilf hakuanza na saksafoni. Alianza na tarumbeta dogo katika bendi ya kiwanda, na alikuwa ndiye kinara wao. Watu walimpigia makofi mpaka mashindano ya Manchester. Alipofikisha umri wa kuoa, mama yake akampa zawadi ya harusi: akampeleka kung'olewa meno yote, mazima na mabovu, na kuwekewa ya bandia. Wakati ule kwao hilo lilikuwa jambo la heshima. Mtu anaingia kwenye ndoa hana deni la maumivu, na mwenzake hatakuja kulipia madaktari. Doreen naye alipewa zawadi hiyo hiyo na mama yake, wiki hiyo hiyo.

"Kwenye picha ya harusi tunacheka kama farasi wawili wapya," alisema. "Hatukuwa na jingine la kufanya, midomo ilikuwa haifungi."

Lakini tarumbeta linategemea meno ya mbele. Wilf alirudi kwenye bendi baada ya fungate, akaweka tarumbeta mdomoni, pakatoka upepo. Kiongozi wa bendi alitukana matusi ambayo Doreen hakutaka kuyarudia mbele yangu. Wilf hakugusa tena tarumbeta. Mwaka uliofuata mtu mmoja wa bendi ya dansi akamwachia saksafoni kuukuu, chombo ambacho hukikandamizi menoni, unakiuma kidogo tu kwa juu. Na hata hapo meno yalimsumbua. Yakikaa kwa muda huanza kulegea. Kwa hiyo Wilf anapiga maneno mawili, anayasukuma meno juu kwa ulimi, anapiga tena. Akibana sana ili apande juu, yanaponyoka, ndiyo maana hapandi. Na noti anaiingia taratibu kutokea chini kwa sababu hana uhakika nayo mpaka meno yamekaa.

"Basi ile ni... ni meno tu?" nilisema. Sijui kwa nini niliona kama nimenyang'anywa kitu.

"Meno tu!" Doreen alinitazama. "Wako wazee mia mji huu wana meno ya bandia. Nani mwingine umemsikia anapiga vile?"

Akaendelea kukausha. Kisha akasema jambo ambalo lilinikaa zaidi. Meno yale yalikuwa ndiyo yale yale ya harusi. Wilf hakuyabadilisha. Kwa mbele ya juu yalikuwa yamechimbika kafereji kadogo, mahali kipulizio kinapokaa. Serikali ilimtengenezea mengine mapya miaka ya nyuma, yako kwenye droo ya soksi. Na tangu siku ya harusi Doreen hakuwahi kumwona mumewe bila meno. Analala nayo. Anayaosha amefunga mlango kwa komeo. Alipopasuliwa kidole tumbo aliwaambia manesi wavute pazia kabla mkewe hajaingia.

"Na wewe, mama?"

"Mimi pia hajaniona. Mtu ana heshima yake bwana."

Ijumaa kabla ya siku ya kurekodi ilikuwa tarehe tano Novemba, siku ya mioto, ambayo Waingereza kila mwaka huwasha moto mkubwa na kurusha fataki. Watoto walikuwa wamerundika mbao na makochi mabovu kwenye uwanja wa nyuma ya klabu, na giza lilipoingia, ambalo kule huingia hata chai ya jioni haijanywewa, moto ukawashwa. Kila mwanamke wa mtaa huja na kitu. Doreen alikuja na tofi yake nyeusi ya asali ya miwa, aliyoipika kwenye trei na kuivunja kwa nyundo. Ni tofi ya kulamba. Kila mtu anajua ni ya kulamba. Doreen alimzunguka kila mzee akimwambia, "Lamba, usitafune," kama kasisi anayegawa sakramenti.

Alimwambia na Wilf. Mimi nilikuwa karibu nimeshika ndoo ya maji. Wilf aliiweka shavuni na kuulamba ule utamu akiangalia moto, uso wake umetulia. Halafu Cyril akaja na habari kwamba Gwen ameamua maandishi ya jina la Cyril yawe makubwa kidogo.

"Kiasi gani?" Wilf alisema, akacheka, na kwa kucheka akauma.

Mlio wa kitu kukatika niliusikia juu ya fataki. Wilf alifunga mdomo, akaweka mkono juu yake na kugeuka. Alitembea moja kwa moja mpaka nyuma ya banda la makaa ya mawe. Cyril alimfuata, akarudi peke yake.

"Ya juu yamekatika katikati," aliniambia. "Kama biskuti."

"Jumapili je?"

Hakunitania. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo si mazuri.

Jumamosi asubuhi maduka ya watengeneza meno yalikuwa yamefungwa. Cyril alikuwa na gundi anayoshikizia ndege za plastiki za wajukuu, akaunganisha vile vipande viwili kwenye meza ya jikoni kwake, amebana pumzi, na kuviacha kwenye dirisha vikauke. Wakati vinakauka, Wilf alikuja klabuni kujaribu kwa yale mapya ya kwenye droo. Gwen alikuwa ameshafika kupanga vipaza sauti vyake. Tulikuwa sisi wachache tu ukumbini.

Alipiga. Ilikuwa sauti safi, kubwa, inayofika ukutani na kurudi. Alipanda juu na hakuteleza. Alipiga wimbo mzima bila kunyamaza hata mara moja. Angekuwa mtu mwingine tungempigia makofi.

Cyril aliondoa mikono kwenye piano. "Samahani bwana, nilikuwa namsubiri Wilf. Umemwona huko nje?"

"Acha," Wilf alisema.

"Nauliza tu. Ni mfupi hivi, ana chuki na maandishi madogo."

Gwen hakujua habari ya meno. Alikuwa amevaa vile vipokea sauti vya masikioni, akavishusha shingoni. "Umebadilisha kipulizio?" aliuliza. Alijitahidi kuuliza kwa upole, na upole wenyewe ulionyesha alichokisikia. "Wilf, ni nzuri. Ni nzuri sana. Ila..." Akaangalia mashine zake.

"Ila si mimi," Wilf alisema.

"Ndiyo."

"Kesho nitakuwa mimi."

Nilimtazama alivyoifunga ile saksafoni. Udadisi wangu wote wa miaka ile ulikuwa umepata jibu, na jibu lilikuwa linakauka kwenye dirisha la Cyril.

Jumapili ukumbi ulijaa. Wengine walikuja kwa Wilf, wengine kwa bingo, wengi kwa vyote viwili. Bwana Clegg alikuwa ameombwa na kamati aicheleweshe bingo kidogo, jambo ambalo halijapata kutokea, na alikaa kibandani mwake kama mtu aliyenyang'anywa shamba. Wilf alipanda amevaa koti lake la buluu. Nilipopita karibu na jukwaa nilisikia harufu ya gundi.

Wimbo wa kwanza ulianza vizuri. Lilikuwa bega lile, mlango ule. Nilimwona Gwen anafumba macho. Halafu Wilf akashuka kwenye noti ya chini kabisa, ile inayotetemesha saksafoni nzima, na mtetemo ukafanya kazi yake. Akanyamaza. Watu walidhani ni ule unyamavu wake. Wakasubiri. Cyril akairudia sehemu ile kwenye piano, akairudia tena, akamwangalia, akaacha.

Wilf alikuwa amesimama na kiganja mdomoni. Alitema kitu kwenye leso, akakitia mfukoni. Mkono haukuondoka mdomoni.

"Weka tu yale mapya," Cyril alimnong'oneza. "Wilf. Yako wapi?"

Wilf alitikisa kichwa. Yalikuwa kwenye droo ya soksi.

"Basi piga bila. Mdomo unaukunja juu ya ufizi. Yupo jamaa wa Bury alikuwa anapiga hivyo."

Wilf alitikisa kichwa tena, na safari hii alikuwa anaangalia chini, kwenye meza ya pembeni, alikokaa mkewe. Nilielewa. Mtu anaweza kutoa kila kitu mbele ya ukumbi uliojaa, machozi, siri, lakini si kitu ambacho hajamwonyesha mkewe chumbani. Sauti za ukumbini zilianza kupanda. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Kama wamemaliza, tuleteeni kadi!" Bwana Clegg akaishika kengele.

Doreen akasimama.

"Clegg," alisema, "ukiitikisa hiyo nakuja huko."

Akatembea mpaka mbele ya jukwaa, chini kabisa ya miguu ya mumewe. Kwenye ukingo wa jukwaa palikuwa na glasi ya maji ya Cyril. Doreen aliutia mkono wake mdomoni, akatoa meno ya juu, akatoa na ya chini, akayatumbukiza yote kwenye ile glasi. Yakazama na kutulia, yanacheka. Uso wake ulikuwa umeingia ndani kama mfuko uliotolewa kitu. Aligeuka taratibu akautazama ukumbi wote ili asiwepo atakayesema hakuona, kisha akamgeukia mumewe.

"Haya, Wilf wetu," alisema, na maneno yalimtoka laini, hayana kingo. "Mimi huyu. Umeniona. Sasa toa mkono hapo upige, nyama iko kwenye oveni."

Hakuna aliyecheka. Nilidhani watacheka. Wazee wengi mle ndani walikuwa na zawadi ile ile vinywani mwao, na walikuwa wanajua.

"Hayo maji nilikuwa nayanywa," Cyril alisema.

Wilf alimtazama Doreen kwa muda. Sijui alikuwa anaona nini. Kisha aliushusha mkono. Mdomo wake wa juu ulikuwa umeanguka ndani, na alionekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi, na pia, sijui niseme vipi, alionekana mtu ambaye hata mtoto mdogo angeweza kumzoea. Akaukunja mdomo juu ya ufizi, akaweka kipulizio, akapuliza.

Ilitoka hewa kwanza. Hewa tupu. Halafu ndani ya ile hewa kukawa na kitu. Kilikuwa kidogo mno hivi kwamba watu wa nyuma hawakukisikia, wakaendelea kugonganisha glasi, na hapo Bwana Clegg alisimama kibandani. Aliitikisa kengele mara moja.

"Utulivu kwa mwanamuziki," alisema. Neno hilo la utulivu tulizoea kulisikia kwa ajili ya bingo. Ukumbi ukatulia kibingo.

Katika utulivu ule Wilf alipiga nyimbo tatu, zote za polepole. Sauti haikuwa ile ya zamani kabisa. Lile bega la kusukuma mlango lilikuwepo, na kuja kutokea chini kulikuwepo, lakini kila kitu kilikuwa karibu zaidi, kama mtu anayeongea na sikio lako akiwa amelala. Nilishangaa kwamba bado alikuwa ananyamaza. Mle mdomoni hapakuwa na meno ya kusukuma juu kwa ulimi, hapakuwa na sababu ya kunyamaza, na bado baada ya maneno mawili alinyamaza. Nilimwangalia Doreen. Naye alikuwa ameliona hilo, maana aliniinulia nyusi kutoka kule mezani, kama anayeuliza: haya, sasa utasema ni meno?

Niliacha kufuta meza.

Baada ya wimbo wa tatu Wilf aliiondoa saksafoni, na kwenye mdomo wa ndani palikuwa na damu. Gwen alimwashiria kwa kidole, mmoja tu zaidi, lakini Wilf alikohoa, akakohoa tena, akashikilia piano, na Cyril akafunga kifuniko cha piano ili pasiwe na mjadala. Makofi yalikuwa marefu. Halafu ikawa bingo.

Nilipeleka waya garini kwa Gwen na kuwakuta wawili mle ndani, Wilf ameketi kwenye kiti cha abiria kati ya masanduku, vya masikioni vimemkaa juu ya kofia. Gwen alikuwa anamrudishia alichopiga. Nikasimama nje ya mlango uliokuwa wazi nimeshika waya zangu. Nilitaka kuondoka na sikuondoka.

Wilf alisikiliza wimbo wa kwanza hadi mwisho. Katika wa pili alinyosha kidole ghafla.

"Hapo. Nimekosea hapo. Ilitakiwa kushuka, mimi nimebaki."

"Nimesikia," Gwen alisema. "Naweza kuikata. Hakuna atakayejua. Nachukua kipande cha mwanzo wa wimbo huu huu nakiunga hapo, kinakuwa safi."

Wilf alirudisha mkanda nyuma mwenyewe, kwa kidole kimoja, kwa woga, kama mtu anayegusa mashine ya mwenzake. Akasikiliza tena mahali pale. Alikuwa amekunja uso, ule uso wake mpya ulioingia ndani, na alionekana kushangaa, kama anayemsikiliza mtu aliyesikia habari zake muda mrefu na ndiyo kwanza wanakutana.

"Kwenye ile ya Blackpool," alisema, "kama nilikosea, aliyekosea ni bendi ya Blackpool. Na ile ya sabuni, ilikosea sabuni."

Gwen alisimamisha mkanda.

"Hii umesema mbele unaandika jina langu."

"Mbele. Makubwa."

"Basi liache hilo kosa," Wilf alisema. "Ni langu."

Doreen alikuwa ameshatoka nje na koti lake na sanduku la saksafoni, meno yake mdomoni, akagonga kioo cha gari kwa pete na kusema nyama ile sasa itakuwa soli ya kiatu. Wilf alimnyoshea kiganja, asubiri. Akageukia mashine na kumwomba Gwen amsikilizishe ule wa tatu.